Sura ya Msanii Si Mali ya Shabiki
Mnamo Januari 2024, picha chafu za kughushi za mwanamuziki Taylor Swift, zilizotengenezwa kwa akili mnemba, zilienea katika mtandao wa X. Chapisho moja lilitazamwa zaidi ya mara milioni 45 kabla ya kuondolewa. Mashabiki wake wengi waliziripoti, wakaujaza mtandao kwa picha zake halisi.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, umaarufu si ridhaa: anayeimba hadharani hajakubali kuvuliwa nguo. Pili, anayesambaza hushiriki udhalilishaji hata akieleza kwamba picha ni bandia, kwani aibu humfuata mwenye sura.

Kwa hiyo, ndugu mtumiaji, tunakushauri: ukipokea picha ya namna hiyo, usiisambaze, hata kwa nia ya kuonya. Iripoti, kisha uifute.