Moto wa Shamba na Hewa ya Dunia

Kila kiangazi moshi hupanda juu ya mashamba ya Kasongo na Kabambare. Je, waenda wapi?

Mti ukikua huvuta hewa ya kaboni na kuiweka shinani. Ukichomwa, hewa ile hurudi angani, ikashika joto la jua, na majira yakaharibika. Viwanda na magari ya nchi tajiri huitoa zaidi. Lakini msitu wetu ukiteketea, nani ataurudisha?

Mwaka 2015, katika waraka wake Laudato Si', Papa Fransisko aliitaja misitu ya Kongo na Amazonia kuwa mapafu ya dunia.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kuchoma shamba, fyekeni ukanda kulizunguka, moto usivuke. Pili, limeni mashamba yaliyokwisha kupumzika kabla ya kukata msitu mkubwa. Kulima si dhambi. Kuteketeza bure ndiko kudharau kazi ya Muumba.