Kabla ya Tiketi ya Basi, Angalia Mwezi

Wadogo zangu, shule zikikaribia kufungwa, maswali yenu hubadilika sura. Habari za ada na mawifi zinapungua, zinaingia habari za safari. Leo nimechagua ujumbe wa mama mmoja wa Sakina, Arusha, maana najua ameuliza kwa niaba ya wengi:

“Dada, watoto wameona kwenye simu familia za Ulaya ziko kwenye boti. Boti inasimama katikati ya bahari, wote wanajirusha majini. Sasa habari ya kwenda Moshi kwa bibi hawataki hata kuisikia. Baba yao ameshaahidi kuwapeleka baharini Desemba. Nyumba nzima hakuna anayejua kuogelea, na mama mkwe naye amesema haachwi. Nianzie wapi?”

Anzia kwenye mwezi, mdogo wangu. Ule wa angani. Mwezi wa mshahara tutaufikia.

Zile boti za kwenye simu nyingi ziko Bahari ya Mediterania, pwani za Ugiriki, Uturuki na Italia. Bahari ile imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na mlango wake wa kuingilia Atlantiki, pale Gibraltar, ni mwembamba. Ndiyo maana sehemu nyingi maji yake hayapandi wala kushuka kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Nahodha wa kule anatia nanga kwenye ghuba moja asubuhi, mchana au jioni, na anayakuta maji palepale.

Yetu haiko hivyo. Pwani ya Tanga na Unguja, siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita nne. Dari ya sebule yako haifiki huko. Maji hupwa kwa saa sita hivi, hujaa kwa saa sita hivi, na kila siku ratiba nzima husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Sisi watu wa mlimani tumezoea kupanga safari kwa saa ya ukutani na salio la benki. Tunafika pwani Jumamosi, tunataka boti Jumapili saa nane mchana baada ya ibada na chakula. Bahari haijui Jumapili yako.

Nikupe mfano wa mahali ambapo ningekupeleka mwenyewe: Pangani. Kwanza mnafika kwa barabara siku hiyohiyo. Mnatoka Arusha alfajiri, mnapita Moshi, Same, Korogwe na Segera, mnaingia Muheza, halafu mnashuka pwani. Pili, watoto watakuwa wanafuata maji ya nyumbani kwao. Mito inayotoka Meru, kama Themi, Nduruma na Usa, huingia Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huyachukua maji hadi baharini. Waonyeshe kwenye ramani kabla ya safari. Mtoto aliyewahi kurusha kijiti Themi akiambiwa kwamba maji yale yanaishia kule anakokwenda, hutamsikia akiuliza “bado tu?” kila baada ya kilomita kumi. Haya, labda kila baada ya ishirini.

Safari yenyewe ya boti ni ya kwenda Maziwe, mbele ya ufukwe wa Ushongo. Maziwe ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuwa wakipanda kutaga kwa wingi. Mawimbi yaliumega mchanga, miti ikaanguka, na leo limebaki fungu la mchanga mweupe lenye matumbawe pembeni. Maji yakijaa, fungu lote linazama. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaoendelea kutaga pale huhamishiwa ufukweni Ushongo, yasije yakafunikwa. Yaani mnaweza kulipa nauli, mkapakia pilau, mkafika mkakuta bahari tupu, na mwenye boti hajawadanganya chochote. Maziwe ipo. Ninyi ndio mmefika saa mbaya.

Sasa mwezi unaingia hapa. Pwani yetu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, na siku mbili tatu zinazofuata, ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Ni saa nzuri mno kwa familia. Mnaondoka saa mbili au saa tatu, mnaukuta mchanga umejitokeza, watoto wanacheza kwenye maji ya magoti, mnakula mapema na mnarudi kabla maji hayajarejea. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu. Hapo maji hayapwi sana, na yanapopwa inakuwa alfajiri sana au jioni. Kwa hiyo chukua kalenda, tafuta mwezi mpevu wa Desemba, hesabu siku tatu nne kuanzia hapo, ndipo ukate tiketi. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani kazi yake ni nyepesi zaidi: tarehe za katikati ya mwezi na zile za mwanzo. Halafu mpigie mwenyeji wa huko uhakikishe. Usimuulize “kuna nafasi?” Muulize “tarehe hiyo maji yanapwa saa ngapi?” Akijibu papo hapo bila kubabaika, umepata mtu.

Mume wako amechagua Desemba, na hapo sina neno. Kaskazi ndiyo inaanza kuvuma, joto lipo, na asubuhi bahari huwa na afadhali kabla upepo haujashika, ingawa mvua za vuli zinaweza kuwa bado zinachungulia. Wale mnaofikiria likizo ya Juni, jueni kwamba mnakwenda kukutana na kusi. Upepo ni mkali, mawimbi yanaruka ndani ya boti, na maji yamechafuka huoni hata kidole chako. Juni mkaoneni bibi Moshi.

Tuje kwenye kuogelea. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na bahari si mahali pa kuanzia shule. Una wiki kadhaa mkononi, zitumie hapahapa Arusha. Hoteli nyingi za mjini zina mabwawa ambayo ukilipa unaingia kwa siku. Usitafute mwalimu wa kumfanya mtoto bingwa, mwombe awafundishe mambo manne: kutoa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, kulala chali na kuelea bila kuhangaika, kugeuka na kurudi ukingoni, na kushika kamba au mkono bila kumkaba mtu shingo. Hayo manne ndiyo yatakayomsaidia mtoto akiteleza. Na wewe mama ingia pia, usikae pembeni na simu ukipiga picha. Ukiona aibu ya nguo, vaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa na mavazi ya stara, na wameelea vizuri tu.

Jumamosi moja wapelekeni Duluti, pale Tengeru, wapande mtumbwi. Ni ziwa la kreta, si la kuogelea, hivyo msijaribu. Mnachokifuata pale ni kujifunza kukaa chomboni: jaketi limefungwa, makalio chini, hakuna kusimama ghafla kwa sababu umemwona ndege. Jumamosi nyingine nendeni Chemka, kule Boma Ng'ombe. Maji yake ni ya uvuguvugu na maangavu hadi unaona mizizi ya mikuyu chini. Lakini uangavu huo unadanganya macho, kina kipo, na mahali maji yanapotokea kuna mkondo. Nendeni asubuhi, kabla ya vijana wa muziki mkubwa na chupa.

Hapo sasa ndipo mwezi wa mshahara unapoingia. Bei ya boti isikufurahishe kabla hujajua ina nini ndani. Ni ya kichwa au ya chombo kizima? Mafuta yamo? Ada ya hifadhi imo? Chakula na miwani ya kuangalia samaki? Bebeni vitambulisho vya taifa, maana mwananchi na mgeni hawalipi ada sawa. Na kabla hujatuma hela ya kuthibitisha, kubalianeni kwa maandishi: bahari ikikataa siku hiyo, mnahamia kesho au mnarudishiwa? Mambo haya yakisemwa mapema ni mazungumzo. Yakisemwa ufukweni ni ugomvi.

Mkifika kwenye chombo, baba asiwe na haraka ya kupandisha mabegi. Muulize nahodha cheti cha ukaguzi na idadi ya watu anaoruhusiwa kubeba. Huku Bara kazi hiyo ni ya TASAC. Kama chombo ni cha watu kumi na tayari mko kumi na wawili, usikubali kuambiwa “watoto hawahesabiwi”. Wanahesabiwa. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ukara, Ziwa Victoria, gati likiwa linaonekana, kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Waliokufa walizidi 200.

Jaketi la uokoaji lipimwe kwa kila mtoto mkiwa bado mchangani. Mvalishe, funga vifungo vyote, kisha shika mabega ya jaketi uyainue juu. Likipanda hadi masikioni na kidevu kikazama ndani, hilo ni la mtu mzima na halimfai. Mkono wa mama si jaketi. Kama ya watoto hayapo, safari haipo, hata kama mmetoka Arusha.

Kichefuchefu msikione haya. Tumbo tupu halikizuii, na tumbo la chapati tano na soseji linakikaribisha. Kuleni kitu kikavu na chepesi. Anayejijua ana matatizo azungumze na mfamasia kabla ya safari, maana vidonge hunywewa kabla ya kuondoka, si baada ya kutapika. Kaeni katikati ya chombo kuelekea tezi, ambako mtikisiko ni mdogo, na macho yatazame mbali, si kwenye simu.

Boti ikisimama kwa ajili ya kuogelea, msiruke. Ngoja injini izimwe, nanga ishike, na baharia mmoja aingie kwanza aone mkondo unaelekea wapi. Kisha mtu mzima anashuka, ndipo watoto wanamfuata mmoja mmoja, wakiwa na majaketi, kwa ngazi. Hakuna kupiga mbizi kwa kichwa mahali ambapo hujui chini kuna nini. Miguuni wavae yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, kwa sababu kwenye miamba kuna viumbe weusi wenye miiba kama sindano, na mwiba wao ukivunjikia kwenye unyayo likizo imekwisha. Na wewe usishuke na dera au kanga uliyojifunga kiunoni. Ikilowa inakuwa nzito, inajiviringisha kwenye mapaja, na miguu unayoitegemea inakuwa imefungwa. Kanga iache kavu botini, utaihitaji kujifunika ukitoka na mkipita mjini Pangani, mji wa watu wanaojiheshimu.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mdomo unaingia na kutoka majini, pumzi ya kuita haipatikani, mikono inasukuma maji chini badala ya kupunga. Kwa mbali unadhani anacheza. Kwa hiyo lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu, kwa zamu ya robo saa. Zamu ikiisha anamtaja kwa jina anayempokea: “Baba Junior, sasa ni wewe.” Kila mtu akidhani mwenzake anaangalia, hakuna anayeangalia.

Na nahodha akiamka asubuhi, akatazama upepo, akasema “leo hapana”, msimshawishi kwa elfu kumi ya ziada. Anayekubali kushawishiwa ndiye wa kuogopa. Siku hiyo tembeleeni mji mkongwe wa Pangani, kuleni samaki, jengeni nyumba za mchanga. Ndiyo maana nilikwambia uhesabu siku tatu nne, si moja.

Umebaki na swali la mama mkwe. Mchukue. Mkalishe katikati ya boti, kivulini, jaketi kifuani, maji ya kunywa mkononi. Kuingia majini hataki, na hilo ndilo linalomfanya awe mtu wa maana kuliko wote: zamu za kutazama zikibadilishana, yeye anabaki na kazi moja ya kudumu, kuhesabu vichwa. Mwambie idadi, mwachie. Mama aliyeweza kujua mwanawe amerudi nyumbani saa ngapi akiwa amelala chumba cha tatu na mlango umefungwa hatapoteza hesabu ya wajukuu wake mchana kweupe.

Dada yenu.