Mtoto Akitishiwa kwa Simu Atume Pesa: Mambo Ambayo Mzazi Anafaa Kujua

Likizo ya Agosti ndiyo wakati simu ya mzazi inashikwa na watoto kuliko wakati mwingine wowote. Shule za bweni haziruhusu simu, kwa hivyo ugomvi ulioanza bwenini muhula wa pili unangoja tu watoto wafike nyumbani. Kwa wateja wetu walio Elburgon, Turi, Molo na kule juu Mariashoni, mnajua vile Agosti inakuwa: baridi, mvua kila alasiri, na watoto wamejifungia ndani na simu moja ya nyumba nzima. Bando ya shilingi ishirini ikinunuliwa, kila mtu ana mahali anataka kuingia.

Leo hatuzungumzii matusi ya kawaida ya kwenye grupu, ingawa hayo pia yanaumiza. Tunazungumzia pale ambapo unyanyasaji wa mtandaoni unafika kwa pochi ya simu yako. Mtu ana picha au mazungumzo ya mtoto wako, na anamwambia atume pesa la sivyo atayasambaza.

Tuchukue mfano. Mama anauza viazi na minji sokoni, na binti yake yuko gredi ya tisa. Jioni moja mama anaangalia taarifa ya simu yake na kuona shilingi 100 zimetumwa Jumatatu, 150 Jumatano, 200 Ijumaa, zote kwa namba asiyoijua. Kitu cha kwanza kinachomjia ni kwamba mtoto ni mwizi, au ameanza kubeti. Anachukua mwiko. Kumbe kuna mtu amechukua picha ya msichana huyo kutoka kwa statasi, akaibandika kwenye mwili wa mtu mwingine aliye uchi, halafu akamwandikia: tuma mia mbili ama hii inaingia grupu ya darasa usiku huu. Mtoto anajua picha si yake. Anajua pia kwamba asubuhi hakuna mtu wa darasa atakayemwamini.

Angalia hizo pesa zinavyopanda. Anayetishia haanzi na elfu mbili, anaanza na kiasi ambacho mtoto anaweza kupata bila wewe kuuliza. Akilipwa, amejua mambo mawili: kwamba mtoto anaogopa, na kwamba mtoto anaweza kufikia pesa. Kwa hivyo anarudi. Wateja wengi hufikiri kulipa mara moja kutamnyamazisha. Kwa kweli malipo ya kwanza ndiyo yanayofungua daftari.

Ishara nyingine ziko kwenye hiyo hiyo simu. Ujumbe wa muamala umefutwa lakini salio limepungua. Mtoto anaomba pesa za "projekti ya shule" katikati ya likizo. Anashtuka simu ikilia, anaipeleka chooni, au ghafla hataki kabisa kuishika. Na mtoto aliyekuwa anapenda kurudi shuleni sasa anaumwa na tumbo kila mkitaja tarehe ya kufungua.

Ukigundua, fanya nini kwanza?

Kabla ya simu, mtoto. Mengi yanaharibika hapa. Ripoti ya mwaka 2021 iitwayo Disrupting Harm, iliyofanywa Kenya na ECPAT, INTERPOL na UNICEF kwa watoto wa miaka 12 hadi 17, ilionyesha kwamba mara nyingi anayemdhulumu mtoto mtandaoni ni mtu ambaye mtoto tayari anamjua, na kwamba ni watoto wachache sana wanaoripoti kwa polisi au kwa namba za usaidizi. Sababu si ngumu kuielewa. Mtoto anahesabu: nikisema, nitachapwa, simu itachukuliwa, na picha bado itasambaa. Kwa hivyo sentensi yako ya kwanza iondoe hesabu hiyo. Unaweza kusema tu, "Sijakukasirikia. Nionyeshe vile ameandika, tutalimaliza pamoja." Hata kama kweli alituma picha yake mwenyewe, hilo mtazungumza siku nyingine. Leo kuna mtu mkubwa au mwanafunzi mwenzake anayemwibia, na huyo ndiye wa kushughulikiwa.

Halafu mwache kulipa, hata kama amebakisha "ya mwisho". Ya mwisho haipo.

Usifute chochote. Watu wengi wanamblok huyo mtu na kufuta mazungumzo kwa hasira, halafu wanafika kituo cha polisi mikono mitupu. Piga skrinshoti za vitisho, namba iliyotumika, jina la akaunti, tarehe na saa. Ukishamaliza, hapo mblok. Upande wetu, ujumbe wa muamala ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu una namba ya muamala, kiasi, siku na saa, na jina la aliyepokea. Kama mtoto aliufuta, bado rekodi ipo. Omba taarifa ya akaunti yako ya miezi hiyo na uiweke.

Jambo moja linalowaponza hata wazazi wazuri: kama picha yenyewe ni ya mtoto akiwa uchi, usiitume kwa mtu yeyote. Usimtumie shangazi, usiipeleke kwa grupu ya wazazi, usimtumie mwalimu "aone". Kumiliki na kusambaza picha kama hiyo ni kosa chini ya sheria, na kila anayeipokea ni mtu mwingine anayeweza kuipitisha. Hifadhi vitisho na namba, na simu yenyewe ipeleke kwa polisi waione hapo hapo.

Kama pesa imetumwa muda mfupi uliopita, piga huduma kwa wateja mara moja na useme wazi kwamba mtoto alituma kwa vitisho. Ikiwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa kwa ajenti, usitegemee sana kuirudisha, lakini ripoti hata hivyo ili namba hiyo ichunguzwe.

Tunajua pia ule ujanja wa kuanza kutuma shilingi kumi ili uone jina la mwenye namba. Ukiliona jina, liandike na ulipeleke polisi. Usilibandike Facebook, wala usiende kwake na vijana wa mtaa. Laini nyingi za matapeli zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, na huenda jina hilo ni la mzee wa Njoro ambaye hajawahi kushika simu janja. Hebu piga *106# sasa hivi uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Unaweza kushangaa.

Namba za kupiga

Childline Kenya ni 116. Ni bure, wako macho saa 24, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga bila wewe. Mfundishe hiyo namba kama anavyojua namba yako. DCI wana laini ya bure, 0800 722 203, na wana kitengo maalum cha kulinda watoto. Ukiwa karibu, nenda kituo cha polisi uombe dawati la jinsia na watoto, na usiondoke bila namba ya OB. Ofisi ya watoto ya kaunti ndogo pia ni ya kwako, hailipishwi.

Kwa picha za uchi za aliye chini ya miaka 18 kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na shirika la NCMEC la Marekani. Picha haitoki kwenye simu yenu. Kinachotumwa ni alama yake tu, kama ya kidole, na mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok inaitumia kuitambua picha hiyo na kuiondoa. Haifiki ndani ya grupu ya WhatsApp, hilo tuseme ukweli, lakini inafunga milango mingi.

Na sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 27, inaadhibu kumsumbua na kumtishia mtu mtandaoni kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Sheria ya Watoto ya 2022 inataja waziwazi dhuluma dhidi ya mtoto kupitia mitandao, gemu na simu za mkononi. Kwa hivyo ukiambiwa kituoni kwamba "hayo ni mambo ya watoto", una haki ya kuuliza kwa heshima ni nani mkubwa wa kituo.

Na kama ni mtoto wako anayetishia?

Swali hili wazazi hawalipendi, lakini kila mtoto anayetishiwa na mwanafunzi mwenzake ana maana kwamba kuna nyumba nyingine ambapo pesa zinaingia. Ukiona mvulana wako anapokea mia, mia, kutoka kwa namba za wanafunzi, usifurahi kwamba ameanza biashara. Muulize anauza nini. Laini ya mtoto husajiliwa na mzazi au mlezi, kwa hivyo polisi wakifuata namba, mlango wa kwanza kubishwa ni wako. Mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai Kenya, lakini wa miaka kumi na mitano anaweza. Afadhali umpeleke mwenyewe kwa mwalimu na kwa wazazi wa yule mwingine, pesa zirudishwe na picha zifutwe mbele ya watu wazima, kabla mambo hayajafika Molo kortini.

PIN, picha na mkopo

Wengi wetu huwatuma watoto dukani na simu, na PIN tunawapa. Ni rahisi, tunaelewa, hasa ukiwa shambani na unga umeisha. Lakini mtoto mwenye PIN ndiye mtoto anayeweza kukamuliwa. Weka PIN mwenyewe, au mpe noti. Badilisha PIN leo kama anaijua, na uangalie kama alama ya kidole chake imo kwenye simu yako.

Punguza picha pia. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kama shule inatozwa hivyo, basi nasi tuulize kabla ya kubandika picha ya mtoto akiwa na yunifomu, jina la shule likisomeka kifuani. Anayetaka kumtishia anaanzia hapo.

Mwisho, zile programu za mikopo. Ukizifungua kwenye simu ambayo mtoto anatumia, ujumbe wa kudai utasomwa na mtoto. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza wakopeshaji wa kidijitali kutisha au kutukana wateja, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako bila idhini. Wakifanya hivyo, hifadhi ujumbe na uripoti kwa Benki Kuu na kwa Kamishna wa Data, kisha mweleze mtoto kwamba deni hilo ni la watu wazima na hafai kulijibu yeye.