Dondoo muhimu: Mhudumu wa vifurushi akikujibu vibaya

Mkazi wa Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, akicheleweshewa kifurushi au kujibiwa kwa ukali, asiishie kugombana dirishani, kwa sababu ugomvi hauachi kumbukumbu. Malalamiko ya maandishi huacha. Tunza stakabadhi yenye namba ya mzigo, andika tarehe, saa na maneno uliyoambiwa, na kagua kifurushi kabla ya kusaini, maana saini yako itasomeka kuwa umekipokea salama. Kisha mwandikie msimamizi wa ofisi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usiporidhika, peleka suala Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 husimamia Shirika la Posta na kampuni binafsi zenye leseni.

Wapo watakaosema wa kulaumiwa ni barabara za Kyerwa na mvua, si mhudumu. Ni kweli, tope huchelewesha mzigo. Lakini halimzuii mtu kupiga simu kueleza, wala halimlazimishi kutukana. Kwa hiyo lalamikia kauli na ukimya wake, si hali ya hewa. Lalamiko la namna hiyo ni la haki, na ndilo gumu kupuuzwa.