Tangi la Mafuta Lililofukiwa: Uchunguzi Kabla ya Kununua Nyumba Kuukuu

Kaskazini-mashariki mwa Marekani, hasa katika majimbo kama New Jersey na Massachusetts, nyumba nyingi za zamani zilipashwa joto wakati wa baridi kwa mafuta ya jamii ya dizeli. Aghalabu mafuta hayo yaliwekwa katika tangi la chuma lililofukiwa uani. Ujazo wa galoni 550, yaani lita zipatazo 2,080, ulikuwa wa kawaida. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, na tena mwaka 1979, wenye nyumba wengi waligeukia gesi asilia. Tangi likaachwa lilipo, na nyumba ikauzwa mara mbili tatu mpaka hakubaki alijuaye.

Udongo wenye unyevu na chumvi hufanya kazi kama maji ya betri. Sehemu ya chuma ipatayo hewa kidogo, mara nyingi upande wa chini, huliwa ilhali sehemu ipatayo hewa nyingi husalimika. Kutu hiyo haienei sawasawa bali huchimba vishimo, hata tangi ambalo ubavu wake ungali imara laweza kuvuja kwa tundu dogo mno. Ndani nako, maji yatokanayo na mvuke hutuama chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, yakalila tangi kwa upande wa pili. Mafuta yavujayo hupenya udongo hadi yafikie maji ya ardhini, ambako huelea na kusambaa. Baadhi ya kemikali zake, naftalini mojawapo, huyeyuka kidogo na kuweza kufika visimani.

Sheria ya shirikisho kuhusu matangi ya ardhini haiyagusi yale ya mafuta ya kupashia joto yatumikayo palepale yalipo. Suala hilo limeachiwa majimbo na miji. Mahali pengi mwenye ardhi wa sasa aweza kudaiwa gharama za kusafisha udongo, ingawa hakulifukia yeye, na bima nyingi za nyumba hazilipii uchafuzi huo.

Mnunuzi, akiwemo mhamiaji kutoka Afrika Mashariki ambaye kwao nyumba haihitaji tanuri, huanza kwa macho. Hutazama kama pana bomba la kujazia au la kupumulia lililochomoza ardhini au kando ya ukuta, na vijibomba viwili vya shaba vilivyokatwa kwenye ukuta wa chumba cha chini. Vijibomba hivyo ni ushahidi mzito kuliko neno la muuzaji. Kumbukumbu za vibali katika ofisi ya mji nazo hupekuliwa.

Kisha huitwa fundi mwenye kipima-sumaku, kwani chuma kingi huvuruga usumaku wa dunia mahali kilipo. Kifaa hicho hudanganywa na ua wa chuma na zege lenye nondo, kwa hiyo rada ya ardhini hutumika pia. Lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa humeza mawimbi yake.

Tangi likipatikana, sampuli za udongo huchukuliwa kando yake, chini ya kina cha kitako chake, zikapimwe maabara. Hayo yote hufanywa kabla mkataba haujakamilika, wakati ambapo muuzaji bado aweza kutakiwa alifukue kwa gharama yake.