Bomba la Uani: Kijitabu kwa Wakaaji wa Nyumba za Zamani

Kariakoo, Ilala na Upanga, jijini Dar es Salaam, kuna nyumba ambazo bomba lake la majitaka lilifukiwa nusu karne iliyopita na zaidi. Fundi aliyelilaza alipiga hesabu ya wakati wake: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, na uani choo kimoja, bafu na jiko. Leo kiwanja hichohicho kimebeba ghorofa, chini fremu za maduka, pembeni kijana anakaanga chipsi, na si ajabu bomba linalokwenda barabarani likawa lilelile la inchi 4.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya mwenye nyumba na mpangaji wake. Majitaka yakirudi sakafuni hayaulizi nani analipa kodi.

Kuzibua kila mwezi

Kila mtaa una kijana wa kuzibua. Anakuja na fito na waya, anafunua chemba, anasukuma, maji yanashuka kwa kishindo, analipwa, anaondoka. Wiki tatu baadaye anaitwa tena. Bomba linaloziba mahali palepale kila mara lina ugonjwa wake: limepasuka, limetitia, au mizizi imeingia. Kulizibua tu ni kumpa mgonjwa wa malaria panado. Homa itashuka, vimelea wamebaki damuni.

Mabomba mengi ya zamani ni ya udongo wa kuchomwa, yenye vipande vifupi vilivyoungwa kwa saruji. Kila kiungo ni mlango. Saruji ikilika, unyevu unatoka, na mizizi ya mwarobaini au mkungu inaufuata mpaka ndani, inatanda kama ndevu, inanasa kila kinachopita. Chemba za zege nazo huliwa kwa juu. Majitaka yaliyotuama kwenye joto letu hutoa gesi inayonuka kama yai viza, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa dari ya chemba hugeuka tindikali. Ukiona nondo za mfuniko zimejitokeza, usimruhusu mtoto akanyage hapo.

Na sisi tunaongeza yetu. Mafuta ya kukaangia humwagwa kwenye sinki yakiwa ya moto, yakapoa ndani ya bomba na kuganda. Mchanga wa kusugulia masufuria hushuka na kulala chini. Pampasi na pedi sitazisema sana, kila fundi ana hadithi zake.

Hatari isiyonuka

Bomba likiziba, nyumba nzima inajua. Likivuja, hakuna anayejua, na hapo ndipo ugonjwa unapoingilia.

Mitaa hii bomba la majisafi na la majitaka mara nyingi yanapita kwenye kichochoro kimoja. Maji yakiwa na presha, tundu dogo la bomba la majisafi humwaga nje. Siku ya mgawo presha inakufa, na tundu lilelile linaweza kuvuta ndani chochote kilicholizunguka. Kama udongo wa hapo umelowa majitaka, hayo ndiyo yatakayotangulia bombani maji yakirudi. Pampu iliyofungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa huzidisha uvutaji huo. Kwa hiyo maji ya kwanza baada ya mgawo si ya kunywa, hata yakiwa meupe. Yamwage chooni, kisha kinga. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote dakika 1 nzima, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio.

Angalia pia tangi la chini ya ardhi. Nyumba nyingi zimelichimba uani, hatua chache kutoka chemba, na ufa mmoja ukutani unatosha kuchanganya viwili hivyo.

Kinachosafiri kwa njia hii ni kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na mayai ya minyoo. Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar. Mgonjwa anayeharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Mpe ORS huku mkimkimbiza kituo cha afya. Kama haipo, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Kulipima bomba lako

Dalili zinajulikana: choo kinagugumia mtu akioga, ukuta wa chini unalowa kiangazi, sakafu ya uani imebonyea, mende na panya wanatokea bafuni.

Ukishuku, koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo na uimwage chooni. Mmoja asimame kwenye chemba inayofuata. Rangi ikichelewa sana, au ikatokea kidogo kuliko iliyoingia, kuna mahali inapotelea. Kipimo cha uhakika zaidi ni hiki: fundi azibe tundu la kutokea kwenye chemba ya chini, ajaze maji mpaka chemba ya juu, aweke alama ya chokaa, asubiri nusu saa. Maji yakishuka kidogo si neno, maana udongo wa bomba wenyewe hunywa. Yakiendelea kushuka, chimbeni.

Fundi akianza kazi

Muulize kwanza mteremko. Bomba la inchi 4 linataka kushuka karibu sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala sawa, maji yataondoka na uchafu utabaki. Chini ya bomba jipya la plastiki ulazwe mchanga, mawe yasiliguse. Mahali linapokutana na la zamani, kiungo kiwe cha mpira kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Ukiona fundi anazungushia kiroba na kupaka saruji juu yake, msimamishe, kwa sababu hilo ndilo tundu la mwaka kesho. Kila kona iwe na chemba. Likipishana na bomba la majisafi, la majisafi lipite juu, kwa nafasi ya angalau sentimita 30. Na mtaro usifukiwe kabla kipimo cha maji hakijarudiwa mbele yako.

Bomba la zamani likiwa la saruji yenye asbesto, lisikatwe kwa mashine likiwa kavu. Vumbi lake linaharibu mapafu. Mwite Bwana Afya wa kata kabla ya kuligusa.

Mtu asiingie ndani ya chemba au shimo la majitaka, hata kama ni kina cha mtu mmoja. Ile gesi ya yai viza ikizidi, pua huacha kuisikia, mtu anaanguka, na anayeruka kumwokoa anaanguka juu yake. Kazi ya ndani ni ya wenye vifaa.

Wapi pako, wapi pa mamlaka

Kwa kawaida bomba la ndani ya kiwanja mpaka chemba ya kuunganishia ni la mwenye nyumba. La mtaani ni la mamlaka ya maji, DAWASA, ambayo huyapeleka majitaka baharini au kwenye mabwawa kama ya Vingunguti. Chemba ya barabarani ikifurika, toeni taarifa DAWASA na kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo, siyo kuipasua ili yatiririkie mfereji wa mvua. Na mwenye nyumba aliyeunganisha maji ya bati kwenye chemba ayatoe kabla ya masika, kwa sababu hayo ndiyo yanayowafurikia majirani wa bondeni. Kutapisha choo mvua ikinyesha ni kumpelekea jirani kipindupindu mlangoni.

Sehemu iliyofurika ikwanguliwe uchafu, ioshwe kwa sabuni, kisha imwagiwe klorini ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe 1 kwa vikombe 6 vya maji. Usiichanganye na dawa ya tindikali ya kusafishia choo, mvuke wake ni sumu. Vaa glavu na viatu vya mpira, na watoto wakae mbali na uani mpaka pakauke.

Jumamosi hii funueni chemba zenu, nyote mnaotumia choo hicho, mtazame maji yanavyopita.