Trekta Kuukuu Linapopungua Nguvu

Mkulima anayepanda mahindi mapema, mvua zinapoanza, huvuna zaidi kuliko jirani yake aliyechelewa. Kwa hiyo trekta linaposhindwa kuvuta plau wakati wa kutayarisha mashamba, hasara si ya mwenye trekta peke yake, bali ni ya kila mtu anayengoja zamu yake. Somo hili litakuonyesha namna ya kutafuta sababu kwa utaratibu, hasa katika trekta la zamani la dizeli. Mfano wake ni Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu.

Kanuni ni hii: anza na jambo jepesi lisilo na gharama, kisha endelea na lililo gumu. Tengeneza jambo moja tu, halafu jaribu trekta. Ukibadili mambo matatu pamoja hutajua ni lipi lililoponya.

1. Hakikisha kwamba ubaya uko katika injini

Sikiliza trekta likiwa na mzigo. Ikiwa injini inaendelea kuzunguka kwa kasi lakini trekta halisogei, tazama magurudumu. Yakizunguka palepale, yanateleza juu ya udongo. Yakiwa yamesimama, na kuna harufu ya kuungua, klachi ndiyo inayoteleza. Lakini ikiwa mwendo wa injini wenyewe unashuka na sauti inakuwa nzito, endelea na somo hili.

Punguza kina cha plau ujaribu tena, maana udongo mkavu huvutwa kwa shida. Endesha kidogo bila kukanyaga breki, kisha simama usogeze kiganja karibu na breki, bila kuzigusa. Yenye joto kali inashika magurudumu.

Zima injini, kisha mwambie mwenzako asukume mkono wa mafuta mpaka mwisho, nawe utazame pale kwenye pampu. Vyuma vinavyounganisha vikilegea kwa uzee, mkono hufika mwisho lakini pampu haifunguki yote.

Kumbuka pia kwamba injini ya zamani inayovuta hewa yenyewe hupoteza kama sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Trekta lililotoka Tanga likilima Mbeya lisilaumiwe kwa jambo hilo.

2. Tazama moshi

Moshi ni barua ya injini. Usome wakati injini imepata joto na inavuta mzigo.

Moshi mweusi: hewa ni chache, au mafuta ni mengi, au mzigo umezidi. Anza na chujio la hewa.

Moshi mweupe usiokwisha baada ya injini kupata joto: mafuta hayaungui vizuri, au maji yanaingia ndani ya silinda. Tazama kama maji ya rejeta yanapungua, lakini usifungue kifuniko chake kikiwa cha moto.

Moshi wa buluu: injini inakula oili. Huenda ringi za pistoni zimelika.

Nguvu kidogo bila moshi mwingi: mara nyingi dizeli haifiki ya kutosha. Tafuta katika njia ya mafuta.

3. Njia ya hewa

Matrekta mengi ya zamani yana chujio lenye bakuli la oili. Wakati wa vumbi lifungue kila siku. Ikiwa oili imekuwa nzito kwa matope, imwage, osha bakuli, tia oili safi mpaka kwenye alama, wala usizidishe. Usilime kamwe bila chujio ili kupata nguvu. Vumbi likiingia ndani hukwangua silinda kama msasa, na injini nzima huharibika.

Tazama pia bomba la moshi. Likibonyea au likiziba kwa masizi, injini haiwezi kupumua.

4. Njia ya mafuta

Trekta likianza kazi vizuri, kisha likichoka baada ya muda, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na nguvu zikarudi, kitundu cha kifuniko kimeziba. Kisafishe, kazi imekwisha bila senti moja.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, toa maji na uchafu ulio chini ya chujio la dizeli. Ikiwa chujio limekaa muda mrefu, weka jipya. Kisha toa hewa katika njia ya mafuta: legeza skrubu ya juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, ukaze. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa. Mapovu yasipokwisha, kuna mahali panapovuta hewa. Kagua nati na mipira ya mabomba.

Jaza tangi jioni, si asubuhi. Tangi lililo nusu tupu usiku hufanya umande ndani, na umande huo ni maji katika dizeli.

5. Kazi ya fundi

Ikiwa yote hayo ni mazuri na nguvu bado ni kidogo, mwite fundi apime nozeli, nafasi za vali, majira ya pampu na mgandamizo wa kila silinda. Mweleze rangi ya moshi, na yale uliyokwisha kujaribu. Usifungue nozeli wewe mwenyewe. Dizeli itokayo humo ina nguvu ya kupenya ngozi. Mtu aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.

Wala usikubali injini ifunguliwe kabla ya chujio na kifuniko cha tangi kutazamwa. Wako waliouza mazao ya msimu mzima kulipia matengenezo makubwa, kumbe kilichoziba ni kitundu kidogo.

Fanya ukaguzi huu mwezi mmoja kabla ya mvua, wakati fundi ana nafasi na vipuri vinaweza kutafutwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.